Nchi ya Wasiokuwepo

Njia niliyofikia Lukemba siisimulii. Ni njia kama njia nyingine, ina vumbi na maswali. Nitaanzia mpakani, maana hapo ndipo nilipoulizwa jambo ambalo sijawahi kuulizwa na nchi yoyote, na nchi zimeniuliza mengi, mengine kwa bakora.

"Siku ile ulikuwa wapi?"

Aliyeuliza alikuwa mtu mzima mwenye miwani, shati lake limepigwa pasi mpaka mkunjo wa mkono ungeweza kukata mkate. Kibao mezani kilisema: BWANA SHILUNGU, AFISA WA KUTOKUWEPO.

"Siku ipi?" nikauliza.

"Siku ile."

"Bwana, siku ziko nyingi."

Akashusha sauti kama anataja ugonjwa wa shemeji yake. "Siku ilipoanza."

Akanieleza. Miaka sitini na moja iliyopita, Lukemba iliangukia mikononi mwa mtu aliyejiita Mwangalizi Mkuu. Alitawala miaka arobaini. Watu walitembea peku, wakaomba kibali cha kucheka, na walioona uvivu kuomba walichukuliwa wasirudi. Halafu Mwangalizi akafa usingizini, amefunikwa blanketi vizuri mpaka kidevuni. Kesho yake asubuhi ikagundulika kwamba nchi nzima ilikuwa imempinga tangu mwanzo. Bunge jipya, kwa kuogopa visasi, likatunga sheria moja fupi: kila raia apewe cheti kinachothibitisha kwamba siku mambo yale yalipoanza, yeye na wazazi wake na babu zake hawakuwepo.

"Mimi sikuwa nimezaliwa," nikasema. "Na kwetu mbali."

"Hiyo siyo hoja. Kitinda mimba wangu kazaliwa mwaka juzi na cheti anacho. Tunaandika sababu, tunagonga muhuri, unapita. Wengi wanachukua msiba. Wengine shamba. Kuna na tumbo la kuhara, hilo tunawapa wenye haraka. Nikuandikie lipi?"

Sasa, mimi na vyeti tuna ugomvi wa siku nyingi. Namkumbuka kila ofisa aliyewahi kuniambia "hayo yamepita, bwana," jina lake na rangi ya shati alilovaa. Nikamwambia, "Niandike nilikuwepo."

Akavua miwani, akaifuta, akaivaa tena. Akaigeuza fomu mbele na nyuma kwa uaminifu kabisa.

"Haina nafasi hiyo," akasema.

Haki yake nimpe, hakunifukuza. Alinipa chai, akanionyesha daftari la mji wao, Kitongwe, kwa fahari ya mtu anayeonyesha picha za harusi. Nikasoma kwamba siku ile watu elfu moja mia tisa na kumi na wawili wa Kitongwe walikuwa msibani. Msiba mmoja. Nikauliza nani alikufa. Wakapekua nusu saa, yeye na msaidizi wake, wakampata. Marehemu naye alikuwa na cheti: siku hiyo alikuwa shambani.

"Kwa hiyo mazishini kwake hakuwepo?"

"Cheti chake ni halali," akasema Bwana Shilungu kwa uchungu. "Muhuri huo hapo."

Nilikuwa bado nacheka, chai imenipanda puani, mlango uliposukumwa akaingia mwanamke wa makamo, kitambaa kichwani, kalamu tatu zimechomekwa kwenye kitambaa. Akanielekezea kidole.

"Huyu hana cheti? Nipe huyo!"

Ndivyo nilivyokutana na Nahoza, mwongozaji wa filamu.

Walukemba wana desturi. Kila mwaka, siku ya kumbukumbu, serikali huonyesha filamu inayoeleza jinsi utawala wa Mwangalizi ulivyoanza. Wanaipenda sana desturi hii, huja na watoto na karanga. Filamu ya kwanza ilionyesha Mwangalizi akishuka mlimani, meno ya fisi, peke yake, na nchi nzima ikizimia. Ya pili, wageni walimleta ndani ya sanduku. Iliyopata tuzo ni ya mwaka uliotangulia: ukungu wa zambarau unaingia nchini, watu wote wanashikwa na usingizi, wakiamka wana mtawala. Watazamaji walilia. Kila mtu alirudi nyumbani amefarijika kwamba ni ukungu.

Nahoza alitaka kutengeneza nyingine. Ya kiza, ya zamani zile, isiyo na ukungu wala meno. Alikuwa amesikia fununu moja tu, kwamba yote yalianzia kwenye mashine ya kusaga unga pale Kitongwe, kwenye foleni. Lakini hakupata waigizaji. Nani atakubali kusimama kwenye foleni ile, hata kwa kuigiza? Jirani angesema: kumbe ukoo wenu mnajua kusimama pale! Kwa hiyo alivizia mpakani wageni wasio na vyeti. Alishapata madereva wawili ambao lori lao liliharibika, mama mmoja muuza mikeka, na mchuuzi wa dawa ya panya aliyekuwa anapita zake tu. Mimi nikawa wa tano.

"Nilitaka foleni ya watu mia," akalalamika njiani.

"Leta wageni mia."

"Nitawatoa wapi? Nchi yetu haitembelewi. Swali lile pale mpakani linawachosha."

Kesho yake asubuhi tulikuwa ndani ya mashine ile ya zamani, tumevalishwa nguo za enzi zile, mpiga kamera anahangaika na mwanga. Akaingia bibi mmoja mfupi, mwembamba, kandambili moja nyekundu na nyingine ya bluu. Akapita katikati yetu, akakalia kiti cha mwongozaji.

"Shikamoo, bibi," akasema Nahoza. "Hapo huwa nakaa mimi."

"Marahaba. Utasimama kidogo, una miguu mipya. Mimi naitwa Kalunde. Nilikuwepo."

Mpiga kamera akaziba lenzi kwa kiganja, kama vile kamera itapata aibu. Mmoja wa vijana wa taa akatoka nje kabisa. Katika miaka ishirini na moja tangu sheria ilipotungwa, neno hilo lilikuwa halijatamkwa na raia.

"Ulikuwepo wapi, bibi?" Nahoza akauliza, sauti imepungua.

"Hapo ulipokanyaga. Nina miaka tisa, nimebeba debe la mahindi la mama. Karani wa mashine alikuwa kijana mpole tu, Mabruki. Siku ya kwanza alipiga deki, akasema, jamani leo vueni viatu, sakafu mbichi. Tukavua. Alikuwa na haki yake, kadeki mwenyewe. Siku ya pili hakusema kitu na sakafu ilikuwa kavu. Basi mimi, kiherehere changu, nikavua. Akanitazama, akacheka, akasema, 'Huyu ndiye mtoto mwenye adabu. Njoo mbele.' Nikawapita watu wazima kumi na saba! Wee! Utamu wake hata ndoa haikunipa. Nikageuka nyuma, nikawaona wote wameinama wanafungua kamba za viatu."

"Wote?" nikadakia.

"Isipokuwa Bi Mboni, mfinyanzi. Yeye alisema, 'Jamani, si sakafu imekauka?' Basi, hilo tu. Mabruki wala hakusikia, mashine ilikuwa inanguruma. Mimi ndiye niliyekwenda kumvuta shati nikamwambia, yule pale hajavua."

"Karani akampiga," akasema muuza mikeka.

"Karani hakuinuka kitini, mama. Foleni ndiyo ilimpiga. Walimpiga kwa viatu. Si walikuwa wameshavivua, wamevishika mkononi?"

Nimesimama kwenye majukwaa mengi, nimehutubia watu juu ya madikteta mpaka koo limekauka, na kila mara nilianza na jeshi. Au na mabepari. Sikuwahi kuanza na mtoto anayesifiwa kwa adabu. Nikajisikia kama mtu aliyetafuta moshi maisha yake yote akiwa amekalia jiko.

"Baada ya hapo hakuna aliyemsagia tena," Bi Kalunde akaendelea. "Akaondoka. Mwezi wa tatu Mabruki alikuwa mkuu wa soko, mwaka haujaisha alikuwa Mwangalizi Mkuu. Lakini huyo mnamjua, ana vitabu. Mboni hana hata mstari. Hana kaburi, hana cheti, hakuna anayemtaja kwa sababu hakuna aliyemwona akipigwa, wote walikuwa msibani. Nikifa mimi, yule mwanamke hajawahi kuzaliwa. Nataka atajwe kwenye hiyo filamu yako. Kwa jina. Na aliyemsemea atajwe pia, ndiye mimi."

Hakumaliza kusema, akaingia Bwana Shilungu anahema, shati limechomoka kwa mara ya kwanza pengine tangu alinunue.

"Mama! Twende nyumbani."

Kumbe ndiye mwanawe.

"Niko kazini," akasema Bi Kalunde.

"Mama, wewe siku ile ulikuwa na tumbo la kuhara. Nimeandika kwa mkono wangu mwenyewe!"

"Tumbo langu unalijua wewe?"

"Watanifukuza kazi, mama. Afisa wa Kutokuwepo, halafu mama yake mzazi alikuwepo? Watu watasemaje?"

"Watasema, kumbe yule Shilungu ana mama."

Mimi na madereva tukaangua kicheko. Bwana Shilungu hakucheka. Alisimama anamtazama mama yake, na nikaona kwamba hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mtu aliyeambiwa tangu utotoni kwamba ana adabu. Akaondoka kwenda kutoa taarifa barazani, maana taratibu zilimtaka atoe.

Tukapiga picha haraka haraka kabla baraza halijakaa. Kisa kimoja cha siku hiyo lazima nikiseme, ingawa kinaniuma. Kijana wa kupanga mandhari alipiga deki ili sakafu ing'ae kwenye kamera, akapiga kelele, "Viatu nje, jamani, msichafue!" Tukavua. Tukapiga picha, tukarudia, tukarudia. Saa saba tukakaa kula wali na maharage. Nilikuwa namhutubia mchuuzi wa dawa ya panya juu ya woga wa umma, namwonyesha kwa kijiko jinsi watu wanavyokubali kila upuuzi, Bi Kalunde akaja akanigusa bega.

"Baba, maneno yako mazuri sana," akasema. "Sakafu imekauka tangu saa nne."

Nikatazama miguu yangu. Peku. Wote sisi watano tulikuwa peku, viatu vyetu vimepangwa mlangoni kama vya waumini. Muuza mikeka alicheka mpaka akapaliwa. Mchuuzi wa dawa ya panya akaniomba niendelee na hotuba.

Baraza likakaa siku ya pili yake, nami nikaingia kusikiliza, kwa sababu nchini mwao mikutano yote iko wazi, imefungwa midomo tu. Mwenyekiti, mzee mnene mwenye kikohozi cha heshima, alisoma kifungu.

"Sheria inasema: aliyekuwepo ataulizwa. Mwisho wa kifungu."

"Ataulizwa nini?" akauliza mjumbe mmoja.

"Haikuandikwa."

"Ataulizwa na nani, Mheshimiwa?"

Mwenyekiti akatazama dari. "Kwa mantiki, na mtu aliyekuwepo. Asiyekuwepo hajui cha kuuliza."

Wakaletewa chai. Mjumbe wa pili akapendekeza bibi apelekwe msibani kwa amri, kuanzia tarehe ya nyuma. Likapingwa: msiba umejaa. Mwingine akasema akubaliwe alikuwepo, ila peke yake. Mwenyekiti akauliza kama mtu mmoja anaweza kuwa foleni. Walijadili hilo saa mbili na nusu, naapa, mtu mmoja na foleni, na mwenye hoja ya mwisho alikuwa na michoro.

Jioni inakaribia, karani wa baraza akawaokoa. "Waheshimiwa, hakuna aliyekuwepo. Kwa hiyo hakuna wa kuthibitisha kisa hiki. Kisichoweza kuthibitishwa ni cha kubuni. Na filamu za kubuni zinaruhusiwa."

Makofi! Wajumbe wakakumbatiana. Ikapitishwa kwamba Bi Kalunde ni mwigizaji, na ameigiza vizuri nafasi ya Bi Kalunde. Bwana Shilungu akajifuta jasho kwa leso mbili. Kazi yake imepona, mama yake amepona.

Aliyepelekewa habari alikuwa mama mwenyewe, na mimi ndiye niliyetumwa. Alikuwa anachagua mchele uani. Alisikiliza mpaka mwisho.

"Yaani nimekiri nchi nzima isikie," akasema, "wamenipa ajira."

"Jina la Mboni litasikika, bibi. Liko ndani ya filamu."

"Litasikika kama la sungura kwenye hadithi. Watapiga makofi waende nyumbani." Akaendelea kuchagua mchele, lakini nikaona anatupa mchele na kubakiza mawe.

Siku ya kumbukumbu ukumbi ulijaa tangu saa nane mchana. Madirisha yalizibwa kwa mablanketi ili kupata giza, joto likawa la tanuri. Walikuja wote, wametulia, kwa kuwa walishatangaziwa kwenye redio kwamba ni ya kubuni. Wazee walikaa safu ya mbele na viti vyao wenyewe, karanga kwenye mapaja. Bi Kalunde alikaa pembeni, mikono ameikunja, hatazami turubai la kuonyeshea filamu.

Filamu ikaanza. Mashine inanguruma. Mchuuzi wa dawa ya panya, akiwa karani, anasimama mlangoni ndani ya koti jeupe. Mimi nainama navua viatu, na ninaonekana mjinga kuliko nilivyodhani. Sauti ya Bi Kalunde inasimulia. Mboni, mfinyanzi, akasema sakafu imekauka. Viatu vikainuliwa. Ukumbi ukawa kimya, kimya kile cha watu wanaongoja kupiga makofi.

Halafu safu ya mbele mzee mmoja akainuka, mrefu, mkongojo mkononi.

"Hapana!" akasema. "Hapana, bwana. Koti halikuwa jeupe."

"Kaa chini, Mzee Chanzi, hatuoni," wakamwambia.

"Lilikuwa la kaki! Mfuko wa kushoto umechanika!"

"Haukuchanika," ikasema sauti ya kike, kali. "Ulikuwa na kiraka. Nilishona mimi."

"Kiraka ulishona baadaye, Mwanashere, usitudanganye!"

"Baada ya nini? Nilikuwa mtu wa nne, nauona mfuko!"

"Wa nne alikuwa mjomba wangu! Wewe ulikuwa kwenye mizani na mbuzi!"

"Kondoo!"

"Mbuzi!"

"Na foleni haikupinda hivyo," akadakia mzee mwingine, amesimama juu ya kiti, karanga zinamwagika. "Ilipitia dirishani! Nani kawafundisha hawa foleni?"

Sijawahi kuona kitu kama kile. Wazee arobaini, hamsini, wamesimama, wanaonyeshana kwa mikongojo nani alikuwa nyuma ya nani, wanasukumana kurudi kwenye nafasi zao za miaka sitini na moja iliyopita, na wajukuu zao wamekaa midomo wazi. Waliweza kuvumilia kuitwa waoga. Kukosewa koti hawakuweza. Bwana Shilungu alikuwa anakimbia kutoka safu hadi safu, daftari juu ya kichwa, anapiga kelele, "Wazee wangu! Mko msibani! Mko msibani, jamani!" Nilicheka mpaka nikashika nguzo.

Bi Kalunde akasimama. Hakupaza sauti, lakini wale wa karibu wakanyamaza, na wa nyuma yao wakanyamaza, mpaka ikabaki sauti ya mtambo wa filamu ukizunguka.

"Mboni alitokea mlango upi?" akauliza.

Mwanashere akaketi polepole.

"Mzee Chanzi, wewe unakumbuka mfuko wa koti. Alitokea mlango upi?"

"Wa nyuma," akasema mzee.

"Akaelekea wapi?"

"Barabara ya mlimani. Anachechemea. Mimi nilikuwa nimeshafika nyumbani. Alipita kwangu. Alibisha hodi."

"Ukafungua?"

Mzee akageuza kichwa, akamtafuta Bwana Shilungu kwa macho, kama mgonjwa anavyomtafuta mganga. Ukumbi mzima ukamtazama afisa. Alikuwa na kalamu mkononi, fomu mkononi, na angeweza kusema neno moja tu, shamba, na mambo yangeisha tukaenda kula. Nilimwona anafungua mdomo. Akamtazama mama yake.

"Mzee wangu, jibu," akasema. "Mama anakuuliza."

"Nilikuwa nyuma ya mlango," akasema Mzee Chanzi. "Aliniita kwa jina. Mara mbili. Nilishika komeo lisilie."

Mkongojo ukamponyoka, hakuna aliyeuokota. Kutoka kwenye kiti chake, uso ameuficha kwa upande wa kanga, Mwanashere akasema jambo ambalo Bi Kalunde mwenyewe alikuwa halijui.

"Alikuwa Mboni binti Hemedi Lusasi. Baba yake alichimba kisima cha soko."

Bwana Shilungu akaigeuza fomu upande wa nyuma, mahali ambapo hapakuwa na mistari, akaiweka gotini. Akamwomba Mwanashere arudie polepole, apate kuandika.